Zamri, umri, voskresni! (1989): Kwa nini mwongozaji aliacha sauti yake ndani ya picha?

#1 Kaka wa Makambako
Wakuu, salaam.

Jana usiku nimemaliza picha ya Kisovieti iitwayo Zamri, umri, voskresni! ya Vitali Kanevsky, kutoka studio za Lenfilm, mwaka 1989. Ni nyeusi na nyeupe, na bado haijanitoka kichwani. Jina lake ni amri za mchezo wa watoto: ganda, kufa, fufuka.

Kwa ambao hawajaiona: mwaka ni 1947, mji ni Suchan, mji wa makaa ya mawe mashariki kabisa ya Urusi, upande wa Vladivostok. Vita imekwisha lakini njaa haijaondoka. Tope kila mahali. Kambi za wafungwa na nyumba za raia zimebanana kiasi kwamba unashindwa kujua nani yuko ndani ya waya na nani yuko nje. Mtoto mmoja, Valerka, anauza chai ya moto sokoni. Jirani yake Galiya, binti wa rika lake, anauza chai hiyohiyo. Valerka anapiga kelele kwamba chai ya Galiya ni ya maji machafu, ya kwake ndiyo safi. Wanagombania wateja, wanatukanana, na polepole unaona kwamba hawa wawili ndio pekee wanaojaliana katika mji mzima.

Sasa hoja yangu. Picha inapoanza tunasikia sauti ya mwongozaji akiamuru kazi ianze. Na mwishoni kabisa, mama yake Galiya amerukwa na akili baada ya binti yake kuuawa, anazunguka uchi amepanda ufagio, watoto wanamtazama, sauti ileile inamwambia mpiga kamera awaache watoto amfuate yule mwanamke. Basi. Picha imeisha.

Mimi nasema sauti ile ni ushahidi. Kanevsky anatuambia: haya niliyaona mimi, na ninayasimulia mwenyewe, sijamtuma mtu. Kuna mwenye maelezo mengine?

#2 Dogo Janja wa Segerea
Mkuu umemwaga mwisho wote aya ya nne! Sisi tuliokuwa tunatafuta pa kuipakua tufanye nini sasa?

#3 Kaka wa Makambako
Dogo, hii si picha ya kusubiri mwisho. Hata ukijua kila kitu itakukamata tu. Itafute.

#4 Mzee wa Neva
Asante kwa kufungua uzi huu. Nilisoma Leningrad miaka ya mwisho ya themanini, na wakati ule foleni mbele ya majumba ya sinema zilikuwa kama za sukari. Nitaongeza jambo moja la kiufundi kwa sababu naona litasaidia mjadala.

Picha nyingi za Kisovieti hazikurekodiwa sauti palepale wakati wa kupiga. Sauti iliwekwa baadaye, studio, waigizaji wakirudia maneno yao mbele ya picha. Kwa hiyo asije mtu akasema sauti ya mwongozaji ilisahaulika kwa bahati mbaya. Ile imewekwa. Mtu amekaa chini, akaamua kwamba mtazamaji aisikie.

Kwa nini? Mimi naiona katika hali ya nchi ile. Mei 1986 ulifanyika mkutano mkuu wa tano wa chama cha watengenezaji filamu, uongozi wa zamani ukaangushwa, Elem Klimov akachaguliwa kuongoza. Baada ya hapo picha zilizokuwa zimefungiwa kabatini kwa miaka mingi zikaanza kutolewa moja baada ya nyingine. Kwa miongo mizima mtazamaji alikuwa anaonyeshwa maisha yaliyopangwa, na mkono uliopanga haukuonekana. Kanevsky anauonyesha mkono. Anasema: kuna mtu hapa anaamua uangalie nini. Hilo ndilo jambo la kisiasa ndani ya picha hii, kubwa kuliko tope na njaa.

Na msisahau mwaka. Julai 1989 wachimba makaa wa Mezhdurechensk, Siberia, waligoma, na mgomo ukasambaa Donbass, Vorkuta na Karaganda. Moja ya malalamiko yao ilikuwa sabuni. Mchimba makaa anatoka shimoni mweusi, hana sabuni ya kuoga. Mtazamaji aliyesoma habari hizo gazetini, kisha akaona Suchan ya 1947 kwenye pazia, hakuwa anaangalia historia ya zamani.

#5 Kaka wa Makambako
Shikamoo mzee. Hilo la sauti kuwekwa baadaye linanipa nguvu zaidi. Aliichagua.

#6 Mzee wa Neva
Marahaba kijana. Aliichagua ndiyo, lakini si lazima kwa sababu uliyoitaja wewe.

#7 Wanjiku wa Nakuru
Hamjambo. Mimi ninawapinga nyote wawili, kwa heshima.

Sikilizeni anachosema, msishughulike tu na kwamba anasema. Anamwambia mpiga kamera awaache watoto. Watoto ambao tumekaa nao karibu saa mbili, tukaona njaa yao, kisha mwenye picha anaamuru waachwe ili kamera imkimbilie mwanamke mgonjwa, aliye uchi, aliyefiwa na mwanawe. Huo ni ukatili, na nafikiri ni wa makusudi. Anajiweka katika safu moja na walimu, askari na majambazi wa picha ile: watu wazima ambao kila mmoja ana shughuli muhimu kuliko mtoto. Kanevsky anakiri kwamba hata sinema inakula watu.

Ushahidi wa nani? Hapo hakuna ushahidi, kuna hatia.

#8 Dogo Janja wa Segerea
Hapo #7 kanigusa. Ila bado sijaiona.

#9 Mtoto wa Kiwira
Naomba niseme kidogo kuhusu ile biashara ya chai, maana wengi mtaipita haraka.

Nimekulia karibu na mgodi wa makaa. Mama alikuwa anapika vitumbua, sisi watoto tunapeleka getini kabla zamu haijabadilika. Kulikuwa na watoto wa nyumba nyingine na vitumbua vyao. Tulipigana, tulisema vya wenzetu vimekaangwa kwa mafuta ya juzi, tulisema maneno mabaya kuliko ya Valerka. Na jioni tulikuwa tunarudi pamoja kwa sababu njia ilikuwa na giza. Kwa hiyo nilipoona Valerka anamchafulia Galiya biashara halafu baadaye Galiya huyohuyo anamsaidia kurudisha viatu vyake vya kuteleza kwenye barafu vilivyoibiwa, sikuhitaji kuelezwa kitu. Mwongozaji hakutunga hapo. Au kama alitunga, alitunga akiwa anajua.

Mimi nasimama na #1. Yule mtu alikuwepo.

#10 Sinema Kongwe
Jamani hii si ile picha ya wachimbaji wa Donbass, wanaimba usiku kwenye vilima, kuna mmoja mlevi mcheshi halafu anakuja kuwa shujaa wa kazi? Niliiona zamani kwenye runinga huko nilikokuwa. Sikumbuki watoto wakiuza chai.

#11 Mzee wa Neva
Hapana ndugu, hiyo ni nyingine kabisa. Unaikumbuka Bolshaya zhizn ya Leonid Lukov, mwaka 1939. Boris Andreyev ndiye Balun, Pyotr Aleinikov ndiye Vanya Kursky, na wimbo unaouzungumzia muziki wake ni wa Nikita Bogoslovsky. Vijana wa mgodini, uvivu, ulevi, hujuma za maadui, na mwisho rekodi ya uzalishaji. Picha hiyo ilipata Tuzo ya Stalin mwaka 1941.

Lakini umefungua mlango mzuri. Lukov alitengeneza sehemu ya pili baada ya vita, vijana walewale wanarudi kuufufua mgodi ulioharibiwa. Septemba 1946 Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti ikatoa azimio dhidi yake. Kosa? Ilionyesha migodi ikifufuliwa kwa mikono na zana duni wakati chama kilitaka ionekane mitambo ya kisasa. Ilionyesha watu wakinywa pombe, wakiimba nyimbo za huzuni, wakiishi katika nyumba mbovu. Azimio hilohilo lilimpiga na Eisenstein kwa sehemu ya pili ya Ivan wa Kutisha, na Pudovkin kwa Admirali Nakhimov. Sehemu ya pili ya Lukov ilikaa kabatini mpaka 1958.

Sasa tazameni tarehe. Azimio ni Septemba 1946. Hadithi ya Kanevsky ni 1947. Yaani katika mwaka uleule ambao Valerka anauza chai kwenye tope la mji wa makaa, ilikuwa imekwisha katazwa kuonyesha tope la mji wa makaa kwenye sinema. Watu wale walikuwepo lakini hawakuruhusiwa kuonekana. Mimi ndiyo maana narudi kwenye hoja yangu: sauti ya mwongozaji ni jibu kwa miaka arobaini ya sauti nyingine, ile ya kamati.

#12 Sinema Kongwe
Ahsante mzee, ndiyo hiyohiyo, Vanya Kursky! Wimbo ule bado naupiga mluzi.

#13 Wanjiku wa Nakuru
Mzee, #11 ni darasa tosha na nimeihifadhi. Lakini haijibu langu. Kama anaijibu kamati, kwa nini amri yake ya mwisho ifanane na amri za kamati? Kamati nayo ilikuwa inasema: usiangalie hapa, angalia kule.

#14 Mwana wa Kolwezi
Jambo yenu bote.

Nitazungumzia kitu kingine. Kuna yule msomi wa Moscow, aliyeletwa huko akarukwa na akili. Anapata unga wake, anauchanganya na tope, anaula. Watu wanatazama. Nani kati yenu amemtaja? Hakuna.

Sisi kwetu kampuni ya mgodi ilikuwa inatoa kila kitu: nyumba, shule, hospitali, na bunga la mwezi kwa kila familia. Mtu alihesabiwa kwa gunia. Kampuni ilipoyumba miaka ya 1990 tuliona wanaume wenye heshima wakipoteza akili mbele ya watoto wao, kwa sababu akili yao yote ilikuwa imefungwa kwenye ile kadi ya kampuni. Ndiyo maana nilipomwona yule msomi na unga wake nilizima picha, nikaendelea kesho yake.

Mji wa mgodi haufanani na mji mwingine. Kuna mwajiri mmoja tu, na huyo ndiye mwenye duka na umeme, ndiye mwenye shule. Ukigombana naye hapo huna pa kwenda, unahama. Valerka akifukuzwa shule, habaki mjini. Anapanda treni.

#15 Mtoto wa Kiwira
#14 umenena kitu. Na picha yenyewe inakaa zaidi juu ya ardhi kuliko chini: sokoni, shuleni, kwenye mabanda ya mbao, relini. Makaa tunayaona kwenye nyuso za watu.

#16 Chuma cha Pua
Wakuu, naona mnachanganya mambo marahisi. Sauti ya mtu juu ya picha inawashangaza nini? Sisi tuliokulia vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mtaani, hatukuwahi kuona picha bila sauti ya mtu mwingine juu yake. Lufufu, yule msimulizi wa picha za kigeni kwa Kiswahili, anakuelezea, anakuonya, anamtukana jambazi kwa niaba yako. Ukiondoa sauti ile, picha inakuwa ya kigeni tena.

Kanevsky ndiye msimulizi wa kibanda. Anaanza: haya, tuanze. Mwishoni anakuambia: sasa tazama huyu mama. Mtazamaji anahitaji mtu wa kumshika mkono ili avuke mahali pabaya. Kwangu mimi ile sauti ni ya huruma. Inawakumbusha walioketi kwamba wale watoto ni waigizaji, wapo, wanapumua, mtoto aliyecheza Galiya hajafa. Bila ile sauti usingelala.

#17 Dogo Janja wa Segerea
Chuma cha Pua umekuja na Lufufu kwenye uzi wa Lenfilm, nimekuvulia kofia.

#18 Wanjiku wa Nakuru
Msimulizi wa kibanda anaongea na watazamaji. Kanevsky haongei na sisi hata mara moja mwishoni. Anaongea na mpiga kamera. Sisi tunadukua tu mazungumzo ya kazini. Hiyo tofauti ni kubwa.

#19 Chuma cha Pua
Dada Wanjiku unajua kubana. Lakini aliyeacha tuyasikie mazungumzo hayo ya kazini alikuwa anajua tutayasikia. Mzee wa Neva amekwisha thibitisha.

#20 Bi Mwanahawa
Assalaam alaikum. Nimefuata uzi huu kimya tangu jana. Mimi langu ni nyimbo. Katika picha ile kuna Wajapani, mateka wa vita, na zinasikika nyimbo za Kijapani. Ule wimbo wa kigeni juu ya theluji unaingia moyoni kuliko maneno yote yanayosemwa. Walifikaje Wajapani huko? Na walirudi kwao?

#21 Mzee wa Neva
Waalaikum salaam bibie. Agosti 1945 jeshi la Kisovieti liliingia Manchuria na kuwateka wanajeshi wa Kijapani kiasi cha 600,000. Walipelekwa kwenye kambi za kazi sehemu nyingi, wakajenga reli na majengo, wakakata miti, wakafanya kazi migodini. Makumi ya maelfu walikufa, hasa kwenye baridi la kwanza. Wengi wa waliobaki walirudishwa kwao mpaka kufikia 1950, na kundi la mwisho mwaka 1956. Kwa hiyo mtoto wa Suchan wa 1947 kuwasikia Wajapani wakiimba lilikuwa jambo la kila siku. Kanevsky mwenyewe alizaliwa huko mwaka 1935. Pigeni hesabu: 1947 alikuwa na umri wa Valerka.

#22 Kaka wa Makambako
HAPO! Nilikuwa nalisubiri hilo. Umri uleule, mji uleule. Ushahidi.

#23 Mzee wa Neva
Taratibu. Mtu anaweza kuwa shahidi na bado akatunga. Valerka anatia hamira kwenye choo cha shule, kinyesi kinafumuka na kutapakaa uwanjani. Baadaye anageuza njia ya reli na kichwa cha treni kinaanguka. Kisha anakimbilia Vladivostok, anaingia kwenye genge linalovunja duka la vito na kuua. Ikiwa yote hayo ni wasifu wa mtu mmoja, basi ni mtu wa ajabu. Mimi naamini aliyachukua ya utoto wake, ya wenzake, na ya gerezani. Maana Kanevsky alifungwa miaka minane alipokuwa bado mwanafunzi wa chuo cha sinema Moscow, akamaliza masomo mwaka 1977, akiwa na zaidi ya miaka arobaini. Dunia ilipomjua alikuwa anakaribia hamsini na tano. Aliyemsaidia ndani ya Lenfilm ni Aleksei German, mwongozaji ambaye naye picha yake ilikaa kabatini kwa muda mrefu.

#24 Mwana wa Kolwezi
Miaka minane! Basi ile kambi ya kwenye picha aliijua kwa macho ya mtoto nje ya waya na kwa macho ya mfungwa ndani ya waya. Hilo linaeleza kwa nini hakuna mfungwa hata mmoja aliyechorwa kama takataka.

#25 Baharia Mstaafu
Niulize la kijiografia. Nilipita Vladivostok na Nakhodka kikazi lakini jina Suchan sikuliona kwenye ramani.

#26 Mzee wa Neva
Tangu 1972 unaitwa Partizansk. Baada ya mapigano ya mpakani na China mwaka 1969, majina mengi ya eneo lile yenye asili ya Kichina yalibadilishwa: Suchan ikawa Partizansk, Iman ikawa Dalnerechensk, Tetyukhe ikawa Dalnegorsk. Jina jipya linawakumbuka wapiganaji wa msituni wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Na hapa kuna kisa ambacho wengi hawakijui: askari wa Marekani walikuwa Suchan kati ya 1918 na 1920, wakilinda migodi ile na reli yake, na walipigana na wapiganaji hao. Makaa yale yalikuwa roho ya reli na ya bandari ya Vladivostok, kila jeshi liliyataka.

#27 Baharia Mstaafu
Shukrani. Kumbe nimepita jirani kabisa.

#28 Dogo Janja wa Segerea
NIMEIONA. Nimeipata, nimeimaliza sasa hivi.

Nina hasira. Galiya amefanya nini mpaka afe? Anamfuata Valerka mpaka Vladivostok, anamtoa kwenye genge, wanarudi kwa miguu juu ya reli, wanaimba, wanacheka, kwa mara ya kwanza wamekuwa watoto kweli. Halafu majambazi wanawafikia. Kwenye picha zetu steringi hafi! Na kama lazima mtu afe, mbona ni yeye? Mwenye makosa ni Valerka. Yeye ndiye aliyeangusha treni.

Kwangu Valerka ndiye aliyemuua Galiya. Semeni mtakavyo.

#29 Mtoto wa Kiwira
Dogo pole. Lakini Valerka ni mtoto. Anaangusha treni kama unavyotupa jiwe dirishani, hajui uzito wake. Waulize walimu waliomfukuza. Muulize mama yake, ingawa mama naye (Yelena Popova ameicheza vizuri sana) anahangaika kutafuta mwanaume wa kuegemea kwenye dunia ambayo wanaume wamekwisha vitani.

#30 Wanjiku wa Nakuru
Mimi sikubaliani na Dogo kuhusu nani aliyeua, ila naona swali lake ndilo swali la uzi huu. Galiya ndiye mtu mzima pekee katika picha. Ndiye anayefikiri kabla ya kutenda, anayesamehe, anayejua njia ya kurudi nyumbani. Mji kama ule hauwezi kumbeba mtu wa namna hiyo. Na Galiya akishakufa, mwongozaji anasema watoto waachwe. Mnaona? Hakuna tena wa kuwaangalia. Aliyekuwa anawaangalia ameuawa.

#31 Bi Mwanahawa
Maneno ya Wanjiku yamenitoa machozi. Lakini tusimsahau mama wa Galiya. Mnamjadili kama alama. Mimi nimezika mtoto. Mwanamke yule hatembei uchi kwa ajili ya kutoa maana. Amefika mahali ambapo nguo hazina kazi. Kanevsky anaposema kamera imfuate, mimi namsikia akisema: mwacheni kila mtu, mtazameni mama, msimpe kisogo. Wanawake wa vita na wa kambi walipewa kisogo na wote. Kwangu hilo si ukatili. Ni heshima, ingawa inauma kuitazama.

#32 Wanjiku wa Nakuru
Pole sana mama. Hilo sikuwa nimeliona. Siwezi kulipinga, na bado siwezi kuacha langu.

#33 Chuma cha Pua
Pole mama.

#34 Sinema Kongwe
Poleni. Nimekaa na uzi huu, nikaenda kuitafuta. Mpiga kamera ni Vladimir Brylyakov, na muziki ni wa Sergei Banevich, nimeona kwenye majina. Ninalotaka kusema ni hili: tusisahau kwamba picha hii ilipata tuzo ya Camera d'Or kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1990. Je, isiwe kwamba ile sauti ni mtindo tu wa kisanii, wa kuwafurahisha watu wa matamasha? Wafaransa wanapenda vitu vya namna hiyo.

#35 Mzee wa Neva
Ndugu, mtu aliyekaa miaka minane gerezani na akasubiri mpaka uzee kusimulia utoto wake hakuwa anawaza Cannes alipokuwa anaweka sauti ile.

#36 Sinema Kongwe
Inawezekana. Lakini tuzo haimchafui mtu kwa kuwazwa, mzee wangu.

#37 Nyota ya Mererani
Nimechelewa. Kuna jambo linalobadilisha baadhi ya hoja za hapo juu na hakuna aliyeligusa: picha ina mwendelezo. Samostoyatelnaya zhizn, mwaka 1992. Ilipata Tuzo ya Baraza la Waamuzi huko Cannes mwaka huohuo, wakigawana na Víctor Erice wa Hispania. Valerka yuko hai, amekuwa kijana, yuko shule ya ufundi, na anafukuzwa tena. Na msichana aliye naye ni Valya, mdogo wake Galiya. Anayemcheza Valya ni Dinara Drukarova yuleyule aliyemcheza Galiya.

Kwa hiyo Chuma cha Pua amepata nusu: mtoto "amefufuka", kama jina la mchezo lilivyosema. Lakini anarudi akiwa mtu mwingine, na Valerka anamtazama usoni kila siku.

#38 Kaka wa Makambako
Aisee. Hilo sikulijua. Ganda, kufa, fufuka, kwa mpangilio huohuo.

#39 Nyota ya Mererani
Kuna zaidi. Baadaye Kanevsky alitengeneza picha ya matukio halisi, My, deti XX veka, kuhusu watoto wa mitaani wa St. Petersburg baada ya dola kuanguka: wezi, walevi wadogo, wengine wameua. Anaongea nao, anacheka nao, anawaimbisha. Na humo, gerezani, anamkuta Pavel Nazarov. Valerka wetu. Alikuwa mtoto wa mtaani alipochukuliwa kuigiza, alishangiliwa Cannes, kisha akaishia ndani. Drukarova analetwa kuonana naye. Wanakaa, wanaongea kuhusu zamani. Yeye Drukarova alikwenda Ufaransa, akaendelea na uigizaji mpaka leo, yumo hata kwenye Amour ya Michael Haneke ya 2012. Watoto wawili walewale wa kwenye reli, njia mbili.

#40 Wanjiku wa Nakuru
Basi mimi nimemaliza. "Awaache watoto." Akawaacha kweli.

#41 Mtoto wa Kiwira
Lakini alirudi, dada. Mtu aliyewaacha harudi na kamera gerezani kuuliza hali.

#42 Wanjiku wa Nakuru
Alirudi na kamera, ndiyo. Umelisema mwenyewe.

#43 Mwana wa Kolwezi
Na angerudi na nini? Ndicho alichokuwa nacho. Fundi wa viatu angerudi na viatu.

#44 Mzee wa Neva
Kabla hamjamhukumu, itazameni hiyo ya tatu kwanza. Jinsi anavyokaa na wale vijana, havai sura ya hakimu hata kidogo. Anakaa kama mtu anayezijua nyimbo zao za gerezani, kwa sababu anazijua. Mimi sijaona mwongozaji mwingine anayewasogelea hivyo.

#45 Dogo Janja wa Segerea
Nimeipata ya 1992 bila tafsiri yoyote, Kirusi kitupu. Mzee wa Neva, Jumamosi una nafasi ututafsirie? Chuma cha Pua ana projekta.

#46 Chuma cha Pua
Projekta ipo. Mzee ndiye atakuwa Lufufu wetu.

#47 Mzee wa Neva
Nipo, ila baada ya alasiri. Na Bi Mwanahawa akija nitaziandika nyimbo za Kirusi kwenye karatasi, maneno yake yote.